Fanksheni katika C: Kinachoingia na Kinachotoka

Assalaam alaykum. Leo hapa Chake Chake tunaingia kwenye fanksheni, yaani kipande cha programu chenye jina lake, kinachoitwa kufanya kazi fulani, na nawaomba tusiipite mbio. Dennis Ritchie alipoitengeneza lugha ya programu ya C kule Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, hata programu yenyewe aliifanya ianzie ndani ya fanksheni, nayo ni main. Kwa hiyo aliyekwisha kuandika japo programu ya kutoa salamu kwenye skrini, fanksheni ameshaiandika.

Tuchukue karafuu. Mkulima kaleta kilo zake, bei inajulikana, tunataka malipo:

int malipo(int kilo, int bei) {
    return kilo * bei;
}

Mstari wa kwanza usomeni taratibu, maana mkataba wote umo humo. Ile int ya mwanzo yasema itarudishwa namba kamili. Ndani ya mabano ni vinavyopokelewa. Kama hakuna cha kurudisha, pale mwanzo huandikwa void. Ukiita malipo(12, 14000), utapata 168000.

Kompaila, ile programu inayotafsiri tulichoandika kiwe lugha ya kompyuta, husoma kutoka juu kwenda chini. Kama fanksheni umeiandika chini ya main, juu weka tamko lake: ule ule mstari wa kwanza, umalizie na nuktamkato (;). Tangu toleo la C la 1999, kuita fanksheni isiyotangazwa hakuruhusiwi.

Sasa jamani, hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokwama:

void ongeza(int kilo) {
    kilo = kilo + 5;
}

Ndani ya main kilo ni 12. Unaita ongeza(kilo), unachapisha, bado 12! Kompyuta haikukosea. Fanksheni ya C hupokea nakala ya thamani. Kilo ya main na kilo ya ongeza ni vigeu viwili, yaani sehemu mbili za kuwekea thamani, majina tu yamefanana, na hicho cha pili hutoweka fanksheni inapomaliza kazi. Ndiyo maana mkitumia scanf kusoma namba mnaweka alama ya & kabla ya jina la kigeu: scanf inataka anwani, yaani mahali kigeu kilipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ipate kuandika mahali penyewe. Habari ya anwani ni ya pointa, tutaisoma siku nyengine. Kwa anayeanza, mimi naona bora arudishe jibu kwa return, kisha main ilipokee: kilo = ongeza(kilo);

Haya, fungueni kompyuta. Badilisheni ongeza irudishe int, muiite mara mbili mfululizo, kisha mniambie kilo imefika ngapi.