Mpira Ukiwa Hewani, Nani Anausukuma?

BARAKA: Tuanze na swali la kidato cha tatu. Mpira wa gramu 150 umerushwa wima, umeshatoka mkononi, bado unapanda. Hewa tuiache. Una kani ngapi, yaani misukumo au mivuto mingapi juu yake?

NEEMA: Wengi watachora mishale miwili: uzito kwenda chini, na "nguvu ya mkono" kwenda juu, mrefu zaidi. Kileleni inalingana, kisha ule wa juu unaisha, mpira unashuka. Hadithi imepangika vizuri mno, ndiyo maana haitoki kichwani.

BARAKA: Na si kweli.

NEEMA: Kabisa. Kani ni moja, nyutoni 1.5 kwenda chini, tangu kutoka mkononi hadi kudakwa. Mwaka 1982 John Clement alichapisha majibu ya wanafunzi wa uhandisi wa Marekani kwa swali kama hili, la sarafu. Wengi walichora mshale wa juu. Kwa hiyo tusimcheke wa kidato cha tatu.

BARAKA: Sasa Mwalimu, atakuuliza: kama hakuna kinachousukuma, mbona unapanda?

NEEMA: Kwa sababu una kasi tayari. Urushe kwa mita 20 kwa sekunde, g, kiasi ambacho mvutano wa dunia unabadilisha kasi kila sekunde, iwe 10. Kila sekunde kasi inapungua kwa 10. Sekunde ya 2 imefika sifuri, mpira uko mita 20 juu. Kani iliyopo haiupandishi, inaupunguza mwendo.

BARAKA: Pale juu kasi ni sifuri. Mchapuko, yaani kiwango cha kubadilika kwa kasi, je?

NEEMA: Alama nyingi zinapotelea hapo! Mchapuko ni ule ule, 10 kwenda chini. Ungekuwa sifuri, mpira ungeganda hewani.

BARAKA: Dawa yake darasani?

NEEMA: Kila mshale uandikiwe nani anavuta na nani anavutwa. "Dunia inavuta mpira": sawa, ubaki. "Mkono unasukuma mpira": mkono wenyewe uko wapi? Haugusi tena. Futa.

BARAKA: Na lile jaribio la mizani ya springi?

NEEMA: Zuri, ila likifanywa ovyo linaimarisha kosa lile lile. Unavuta kipande cha mbao mezani. Mizani inapanda, tuseme hadi nyutoni 4, mbao inang'oka, usomaji unashuka hadi 3. Anayeandika 4 atasema kani ya kuvuta lazima izidi msuguano ndipo kitu kiendelee kwenda. Kumbe ile 4 ni kikomo cha msuguano kabla mbao haijaanza kuteleza. Asome mwendo ukishatulia kwenye kasi moja: 3 mbele, 3 nyuma, jumla sifuri, na mbao inakwenda.

BARAKA: Mmoja avute, mwenzake asome.

NEEMA: Na mkono usishtuke. Ukivuta kwa kushtukiza, kielekezi kinacheza na hakuna cha kusoma.

BARAKA: Tumalizie na lori lililogonga bodaboda. Kila mtu anasema kani ya lori ni kubwa.

NEEMA: Wanachanganya kani na madhara. Lori tani 10, bodaboda na dereva wake kilo 200, kani ya mgongano nyutoni 20,000 kwa kila upande. Gawanya kwa tungamo: lori linapata mchapuko wa 2, bodaboda 100.

BARAKA: Zikiwa sawa na zinapingana, si zinafutana?

NEEMA: Zingefutana kama zingekuwa juu ya kitu kimoja. Hapa moja iko kwenye lori, nyingine kwenye bodaboda. Chora bodaboda peke yake, uone kama ile ya pili ina pa kukaa.