Chipsi Bila Chumvi

KADZO: Wasikilizaji, Mwaniki mnamjua, na figo zake zinazougua mnazijua. Haya bwana, Ijumaa ulikuwa wapi?

MWANIKI: Barabara ya Tom Mboya, Nairobi. Foleni ya chipsi imefika barabarani. Nikamwambia kijana, "Nipe zisizo na chumvi." Akaniangalia kama nimemwomba mkopo.

KADZO: Si zote zilikuwa zishatiwa?

MWANIKI: Zote! Zimelala chini ya ile taa ya manjano. Ana chupa ya maji, kifuniko amekitoboa kwa msumari, anatikisa huku anaongea na simu. Nikangoja zilizokuwa bado karaini.

KADZO: Ukaona umeshinda. Na potasiamu je? Kiazi kimejaa potasiamu, kukikaanga hakuiondoi. Figo zikishindwa kuitoa inarundikana kwenye damu, moyo unaanza kupiga ovyo.

MWANIKI: Yangu imepimwa, iko sawa. Si kila mgonjwa wa figo anayekatazwa viazi, inategemea vipimo. Mimi vita vyangu ni chumvi, maana presha ndiyo inayozimaliza hizi figo. Hata mtu mzima wa afya anaambiwa asifikishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai.

KADZO: Basi si ule viazi karai vya kwetu Pwani? Vinachemshwa kwanza, potasiamu inatokea kwenye maji, unayamwaga.

MWANIKI: Tumefika Mombasa! Dakika ya ngapi hii?

KADZO: Jibu hoja.

MWANIKI: Viazi karai mnachemsha vizima na maganda yake. Hapo inatoka ngapi? Unamenya, unakata vidogo, unachemsha kwa maji mengi, unamwaga. Ndiyo ipungue, na haiishi.

KADZO: Haya, nikate vidogo, nichovye kwenye unga.

MWANIKI: Hizo sasa ni bhajia.

KADZO: Bhajia huchemshwa wapi wewe? Watu wa bara!

MWANIKI: Na ukwaju? Nao una potasiamu.

KADZO: Ukwaju usiuguse.

MWANIKI: Ahaa!

KADZO: Cheka tu. Mimi bado nasema hukufaa kusimama kwenye ile foleni. Leo damu iko sawa, mwezi ujao je? Nani atakupeleka kusafishwa damu, si sisi?

MWANIKI: Kadzo, nimeacha nyama choma, nimeacha mutura, soda nyeusi kwa sababu ya fosfeti, nayo figo mbovu haziitoi vizuri. Wenzangu wakienda kula nikae nikiwatazama?

KADZO: Ndiyo. Kaa.

MWANIKI: Sikai.

KADZO: Basi usiniambie ukienda.

MWANIKI: Sitakuambia.

KADZO: …Tunaonyeshwa saa. Tulikuwa na maswali matano ya kumuuliza mtaalamu wa lishe.

MWANIKI: Soma moja.

KADZO: Kuku wa kununua, kwamba wengine hudungwa maji ya chumvi na fosfeti ili wawe…

MWANIKI: Hilo pekee lina nusu saa.

KADZO: Basi tuyaache. Wiki ijayo ni kodi ya nyumba. Na viazi karai nitaleta.

MWANIKI: Bila ukwaju.

KADZO: Zima hiyo maiki.