Pimeni Plagi Zikiwa Zinavuta

Nimeshalisema hili mara nyingi na leo nalirudia: volti 12 kwenye mita si ushahidi kwamba hita plagi, zile zinazopasha moto silinda za injini ya dizeli wakati wa kuiwasha, zinapata umeme wa kutosha. Fundi anachomoa waya, anaugusisha kwenye mita, anasoma 12, anatangaza kwamba rilei, ile swichi ya umeme inayozipelekea plagi mkondo, ni nzima. Kisha anaagiza plagi mpya. Hapana! Amepima waya usiobeba mzigo wowote.

Tupige hesabu. Injini ya silinda nne, kila plagi ina ukinzani wa omu 1. Zimeungwa sambamba, kwa hiyo jumla ni omu 0.25, na kwa volti 12 zinavuta ampea 48. Sasa rilei imeungua ndani, imeongeza omu 0.05 tu. Mkondo unashuka hadi ampea 40, volti 2 zinapotelea kwenye rilei, plagi zinabakiwa na 10. Joto hufuata mraba wa volti, kwa hiyo asilimia 30 hivi ya joto imekwenda. Kukiwa na baridi kali stata itazungusha injini, moshi mweupe utatoka, na injini haitashika.

Basi acheni waya ukiwa umefungwa. Mmoja awashe swichi ya gari, mwingine apime kati ya chanya ya betri na kichwa cha plagi, papo hapo zinapovuta. Volti mnazosoma hapo ndizo zinazopotea njiani. Fanyeni hivyo hivyo upande wa hasi, kutoka kwenye chuma cha injini hadi hasi ya betri.

Mtaniuliza: mbona nilibadilisha plagi na gari likawaka? Liliwaka kwa sababu ulifungua nati zenye kutu ukazikaza upya! Plagi nzima ukazitupa, na rilei mbovu ukaiacha palepale.

Ukinzani wa plagi upimeni moja moja, kile kipande cha chuma kinachoziunganisha kikiwa kimetolewa, la sivyo plagi iliyokufa itafichwa na wenzake. Taa ya dashibodi msiitegemee. Kwenye magari mengi huzimika kwa kufuata muda uliopangwa, plagi ziwe zimepata moto au la.

Muda umekwisha na kihisi cha joto sijakigusa kabisa, nacho kikidanganya kwamba injini ina moto, plagi hazipewi umeme hata kidogo. Ila msitoke bila hili: plagi nyingi za kauri ni za volti 7 au pungufu. Msizijaribu kwa kuzigusisha kwenye betri, zitaungua. Someni kwanza volti zilizoandikwa kwenye plagi.