Nani Kasema Bibi Zetu Hawakujua Kusoma?

Assalaam alaykum. Ya Gutenberg na mashine yake ya kuchapa vitabu mliyasoma shuleni, sitayarudia. Mimi nina neno moja, na wanaonijua wameshalisikia: kila hati mpya, yaani aina mpya ya herufi, ikishika mji, wasomaji wa hati ya jana huitwa wajinga. Bibi aliyesoma barua za mumewe na utendi wa Mwana Kupona wa 1858 kwa herufi za Kiarabu, alipofika ofisini akaandikiwa kuwa hajui kusoma, kwa sababu tu hakujua a, b, c. Hilo linaniuma.

Mtazameni Muyaka bin Haji, malenga wetu wa Mvita, yaani Mombasa. Alifariki mnamo 1840, na tungo zake nyingi zilibaki vinywani. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, wa hapa hapa, akapita akizikusanya kwa watu na kuziandika kwa herufi za Kiarabu. Mmisionari William Taylor, aliyefanya kazi naye, akazitia katika herufi za Kirumi. Karatasi zikavuka bahari, na diwani ikachapishwa mwaka 1940. Wapi? Johannesburg! Miaka mia nzima tangu mshairi azikwe. Nanyi mnaosoma Muyaka leo mnasoma kwa hisani ya mwalimu mmoja aliyewahi kabla wazee hawajaondoka na beti zao. Nambieni, katika ukumbi huu, nani kati ya vijana anaweza kuifanya kazi ya Sikujua?

Najua mtaniambia: herufi za Kiarabu hazikututosha, herufi moja, be, ilibeba b, p na mb. Kweli. Lakini waandishi wa pwani waliongeza nukta, be ya nukta tatu ikawa pe. Na hizi za Kirumi je? Mvita tunatofautisha kwa pumzi paa wa mwituni na paa la nyumba; kitabuni ni mamoja. Mbona kasoro hiyo haitajwi?

Ya mkutano wa 1928 uliofanyika mji huu huu, Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, nayaacha, muda umeniishia. Simu zenu zinaandika herufi za Kiarabu, pe ikiwemo. Basi mwenye waraka wa zamani sandukuni asiugandishe kwa selotepu wala kuutia plastiki. Aupige picha kwenye mwanga wa mchana, kisha amketishe mzee anayeujua ausome, na simu irekodi. Wiki hii.