Kabla ya Kupaka Rangi, Onyesha Nukta Zote

Ndugu zangu, ratiba inasema leo tutazungumzia kupendezesha grafu za mtawanyiko. Tutapendezesha. Ila nitaanza pale ninapoanza kila mara, na wanaonifahamu wameshazoea: grafu yako inaficha data. Hakuna rangi wala mwandiko mzuri utakaoiokoa mpaka ulitatue hilo.

R, lugha ya kuchambua data, mnaijua, na ggplot2, kifurushi chake cha kuchora grafu, mnakitumia. Chukueni data ya mpg inayokuja na kifurushi chenyewe. Ina magari 234. Choreni ukubwa wa injini kwenye mhimili wa mlalo na maili kwa galoni za barabara kuu, yaani hwy, kwenye wa wima. Mtaona nukta 126 tu. Hizo 108 nyingine hazikufutwa, zimefunikwa. Injini imeandikwa kwa sehemu ya kumi ya lita na hwy kwa namba kamili, kwa hiyo magari mengi yanaangukia sehemu ileile. Ni kama picha ya darasa ambayo wanafunzi wamepangwa mmoja nyuma ya mwingine: unaona uso mmoja na unadhani darasa lina mtu mmoja. Sasa mtu anaitazama grafu hiyo, anasema "mwelekeo ni huu", na karibu nusu ya data hajaiona.

Dawa ya kwanza ni alpha, uzito wa rangi. Moja ni rangi kamili, sifuri haionekani kabisa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuna jambo linarudiwa kila mahali na si kweli. Watu hufundishana kwamba ukiweka alpha = 1/10, nukta kumi zikilaliana zinatoa rangi kamili. Hesabuni wenyewe. Kila nukta inaacha tisa ya kumi ya weupe ulioukuta. Nukta kumi zinaacha 0.9 kwa kipeo cha 10, ambayo ni 0.35. Yaani mmefika asilimia 65 ya rangi. Kufika asilimia 90 mnahitaji nukta 22. Kwa alpha ya 0.5, nukta nne tu zinavuka asilimia 93, na kuanzia hapo jicho halitofautishi nne na mia nne. Kwa alpha ya 0.01 mnahitaji nukta 230 kufika asilimia 90. Kwa hiyo namba hii haibuniwi. Jiulize: penye msongamano mkubwa, nukta ngapi zinalaliana? Ndipo uichague.

Nendeni kwenye diamonds, data nyingine ya kifurushi hichohicho: almasi 53,940, uzito kwa karati na bei kwa dola. Ichoreni bila kubadilisha kitu. Mnapata doa moja jeusi lililopanda kulia. Wekeni alpha = 0.02 na mistari ya wima inajitokeza, kwa sababu almasi zimejazana kwenye karati 1, 1.5 na 2, na upande wa kulia wa namba hizo. Huo ni uamuzi wa wakata almasi na wauzaji, na doa jeusi lilikuwa limeuzika.

Kisha punguzeni ukubwa. Andikeni geom_point(shape = "."). Karibu na dola 1,500 mtaona mchirizi mweupe wa mlalo: hakuna almasi ya bei hiyo. Pengo lenyewe halifiki dola 100 kwenye mhimili unaozidi dola 18,000. Kwa urefu wa sentimita kumi ni kama nusu milimita, na nukta ya kawaida ya size 1.5 ina upana unaozidi milimita moja. Nukta za juu na za chini zinalimeza pengo lote. Mkitaka kuhakikisha, ongezeni coord_cartesian(ylim = c(1000, 2000)). Msitumie ylim(1000, 2000) peke yake, tafadhali! Hiyo inatupa data iliyo nje ya mipaka kabla ya hesabu, na mstari wa mwelekeo wa geom_smooth mnaouona baada ya hapo ni wa data nyingine.

Najua mtu atasema: alpha ndogo inapoteza nukta za pekee. Ni kweli. Almasi ya karati 5.01 kwa alpha ya 0.01 haionekani. Mkifika hapo acheni kung'ang'ania nukta, tumieni geom_bin2d, inayogawa grafu kwa visanduku na kuhesabu nukta za kila kimoja, au geom_hex, ya visanduku vya pembe sita, mkiwa mmesakinisha kifurushi cha hexbin. Na mkibaki na alpha, wekeni shape = 16, duara lisilo na mzingo. Umbo la kawaida ni 19, lenye mzingo wake, na kwenye rangi nyepesi mzingo unaweza kulalia ujazo ukaacha pete nyeusi.

Mwingine atasema: tutikise nukta kwa geom_jitter. Sawa, lakini mjue mnachofanya: mnahamisha data. Bila kuelekezwa, inasogeza kila nukta hadi asilimia 40 ya hatua ndogo kabisa ya data, kila upande, kwenye mihimili yote miwili. Chukueni umri wa watu kwa miaka kamili. Katika dodoso nyingi miaka inayoishia na 0 na 5 inajaa, kwa sababu watu wanakadiria. Mkitikisa kwa 0.4, nguzo ya 40 inabaki nguzo. Mkiweka width = 2, wa 39 na wa 41 wanachanganyika na wa 40, na kasoro ambayo mchambuzi alipaswa kuiona mmeifuta kwa mikono yenu. Andikeni position_jitter(width = 0.3, height = 0, seed = 1), na chini ya grafu semeni wazi kwamba nukta zimetikiswa.

Muda unatukimbiza, kwa hiyo rangi kwa haraka. Rangi moja kwa nukta zote inakaa nje ya aes, sehemu inayounganisha data na mwonekano wa grafu. Mkiandika aes(colour = "blue") mtapata nukta za wekundu wa samoni na ufunguo (legend) ulioandikwa "blue", kwa sababu R imelichukua neno hilo kama kundi la data. Nyekundu na kijani pamoja, hapana, kuna watu wasiozitofautisha. Kwa watu hao tumieni scale_colour_viridis_d, au rangi za Okabe-Ito zilizomo kwenye palette.colors ya R. Mkitenganisha makundi kwa maumbo ya nukta, maumbo yanaishia sita. Kundi la saba linapewa onyo na nukta zake hazichorwi, na onyo hilo watu hawalisomi. Ufunguo ukififia kwa sababu ya alpha, ongezeni guides(colour = guide_legend(override.aes = list(alpha = 1, size = 3))).

Mwisho, ggsave, amri ya kuhifadhi grafu. Hifadhini kwa upana uleule utakaochapishwa, mfano width = 16, height = 10, units = "cm". Mkihifadhi sentimita 32 kisha mkaibana kwenye ukurasa, herufi na nukta zote zinakuwa nusu, na alpha mliyoichagua haifai tena. Lebo za nukta hatutazifikia leo. Fungueni diamonds, tafuteni lile pengo la dola 1,500, na asiyeliona anyooshe mkono.