Radi si umeme, na dira si bikari

Assalam alaykum, na hamjambo nyote. Ahsanteni kwa kuja na joto hili, najua saa hii kila mtu angependa awe pale ufukweni Mama Ngina anapungwa na upepo. Nimeombwa niongee kuhusu maneno ya Kiingereza na Kifaransa ya mambo mawili, kutambua radi na ule mchezo wa kukimbia ukitafuta njia kwa ramani na dira, orienteering, na naona wengine mwajiuliza vinahusiana wapi. Vinahusiana, nitafika hapo.

Nianze na kisa. Mwaka juzi shule moja hapa pwani ilibandika tangazo kando ya uwanja, limetafsiriwa kutoka Kiingereza, HATARI YA UMEME, ONDOKA UWANJANI. Siku hiyo ya vuli wingu likaja jeusi kama lami, watoto wakaambiwa haya fuateni tangazo, wakafuata, wakaondoka uwanjani wakaenda kujibana chini ya mwembe, kwa sababu upande ule hakuna nguzo wala waya na mtoto wa Mombasa ukimwambia umeme anafikiria stima, ule wa kwenye waya. Nilikuwa nimeenda kumchukua mpwa wangu, nikamuona ameegemea shina kabisa, begi kichwani. Alhamdulillahi haikupiga. Lakini ile picha haijanitoka.

Sasa kosa liko wapi. Mwingereza ana neno moja, lightning, ule mwanga unaomulika wingu ni lightning na ile inayoshuka ikapasua mnazi pia ni lightning. Mfaransa ametenganisha, mwanga ni éclair, ile inayopiga ni foudre, na sauti ni tonnerre. Haya sisi je? Umeme, radi, ngurumo. Tatu kwa tatu! Yaani hapa Kiswahili na Kifaransa vyakaa meza moja na Kiingereza kiko peke yake, halafu sisi twatafsiri kila kitu kupitia Kiingereza na tunapoteza tofauti ambayo bibi zetu walikuwa nayo. Bibi akisema radi ilipiga kwa jirani hakuna aliyeuliza ni stima au ni nini. Mfaransa naye ana kosa lake, ile fimbo ya chuma juu ya jengo ameiita paratonnerre, kinga ya ngurumo, na ngurumo haijawahi kuchoma nyumba ya mtu. Kile kifaa cha kulinda mitambo ndani ya nyumba ndio amekiita parafoudre, hapo amepatia. Sisi tuseme kinga radi, basi.

Kuna neno lingine nalipenda sana. Radi kabla haijapiga kuna njia hafifu inatangulia kutoka winguni, inashuka kwa kuruka ruka, kila mruko kama mita 50 hivi, inapapasa hewa mpaka inapokaribia chini, ndipo ule mkondo mkubwa unapanda kwa njia ile ile iliyofunguliwa. Waingereza wanaiita leader, na nimeona mtu kaandika kiongozi, nikasikitika, kiongozi ni wa chama. Mfaransa anasema traceur, mchora njia. Na sisi watu wa Kilindini tuna neno tayari, rubani! Si huyu wa ndege, rubani wa asili, anayepanda meli nje akaiingiza bandarini taratibu kwa sababu yeye ndiye anaejua mkondo. Mimi naandika rubani wa radi, na kila kijana wa bandarini niliyemwambia ameelewa papo hapo.

Twende kwenye kutambua. Radi ikipiga inatoa mawimbi ya redio, ndio maana zile redio za zamani za AM zilikuwa zinakwaruza krrr kabla mvua haijafika mtaani. Aleksandr Popov, Mrusi, mwaka 1895 alionyesha mtambo uliokuwa unanasa mawimbi hayo, radi ikipiga mbali kengele inalia. Ile mikwaruzo Waingereza wanaiita sferics, Wafaransa wameiita parasites, vimelea, kama kupe wa mbuzi, kwa sababu inamharibia mtu matangazo yake. Siku hizi hao kupe ndio tunaowatafuta. Kituo kimoja chenye antena mbili za duara zilizopishana kama msalaba kinaweza kujua radi imetoka upande gani, lakini hakijui ni umbali gani, kituo cha pili nacho kinachora mstari wake, mistari ikikutana hapo ndipo ilipopiga. Njia nyingine ni kulinganisha saa, kama honi ya feri ya Likoni ikilia, aliye kivukoni anaisikia kabla ya aliye Tononoka, ukijua wamepishana sekunde ngapi, na ukawa na wasikilizaji wa kutosha, utajua ililia wapi bila kuiona. Na setilaiti nazo zipo, Meteosat ya kizazi cha tatu ilirushwa Disemba 2022 na ina kamera inayotazama Afrika kutoka juu, lakini angalieni kwa makini, kamera yaona mwanga, hata ule usiogusa ardhi. Setilaiti inaona umeme. Antena za chini kazi yao kubwa ni radi. Ukiandika lightning peke yake msomaji hajui unaongelea kipi!

Ile mistari miwili inayokutana, ndugu zangu, ndio orienteering yenyewe. Unasimama usipopajua, unapima kwa dira mnara mmoja uko upande gani, unapima wa pili, unachora, mistari ikikatana hapo ndipo ulipo. Kile kipimo Mfaransa anakiita azimut, neno la Kiarabu as-sumut, limezunguka dunia nzima likarudi kwetu kama geni. Mchezo wenyewe ulitoka kwa wanajeshi wa Skandinavia, mashindano ya kwanza ya wazi yakawa Norway mwaka 1897. Na hapa tena Mwingereza ameunganisha, compass ya kutafuta kaskazini na ile ya kuchorea duara darasani ni neno moja. Sisi tuna dira na bikari, mbali mbali kabisa.

Sehemu nyingine zinahitaji kazi. Attack point, yaani mahali panapotambulika kwa urahisi karibu na kituo unachokitafuta, pale penye kibendera, unafika hapo kwanza ndio uanze kwenda pole pole, Mfaransa naye kachukua vile vile point d'attaque. Tafadhalini msiandike pointi ya shambulio, kijana akisikika na neno hilo karibu na Fort Jesus atakuwa na maelezo mengi ya kutoa. Sisi twaelekezana vipi kila siku? Shukia steji ya Buxton, halafu ingia kichochoro cha pili. Basi hiyo ni steji! Unakimbilia steji, ukifika unapunguza mwendo unahesabu vichochoro.

Na kuweka ramani sawa na ardhi, orienter la carte, asili yake ni kuelekea jua linapochomoza. Hapa kwetu kuna kitu kizuri mno, Makka iko karibu mstari mmoja na Mombasa, sisi longitudo 39.7 na wao 39.8, kwa hivyo kibla chetu ni kaskazini karibu sawasawa. Ukipotea Mji wa Kale dira ikiwa imevunjika, tafuta msikiti wowote, tazama mihrabu imechomoza upande gani, geuza ramani yako kaskazini iangalie huko. Ramani imekaa kibla, ndivyo ninavyowafundisha skauti wangu, Waislamu na Wakristo, na wote wanasema hivyo hivyo.

Lile tangazo la shule nimeliandika upya, sasa limesimama pale: RADI INAPIGA. INGIA DARASANI AU NDANI YA GARI. USIKAE CHINI YA MTI. Chini yake nimeongeza, ukiona umeme hesabu, ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30 radi iko ndani ya kilomita 10, kimbia, na usirudi uwanjani mpaka dakika 30 zipite bila kusikia ngurumo. Haya, ramani ziko hapo mlangoni na dira ziko kwenye lile sanduku, kituo cha kwanza tumetundika kibendera cheupe na chungwa, anzeni na kibla.