Kusimamisha neno: silabi za Kikorea na herufi zetu za Kirumi

Haya jamani, mlioko nyuma sogeeni mbele kidogo maana nitachora vitu vidogo vidogo na ubao wenyewe mnauona.

Mimi ni mchora mabango, na mada hii ilinianzia kwenye nguzo ya duka. Nilipaka FAMASI kwa kushuka, F juu, A chini yake, M, A, S, mpaka I. Rangi safi, herufi zimenyooka. Akaja mama mmoja akasimama pale chini akaniuliza hapo pameandikwa nini, na anajua kusoma vizuri tu. Sasa swali likanikaa kichwani, mbona Seoul, kule Korea Kusini, mabango ya kushuka yapo kwenye majengo mengi na watu wanasoma wakiwa wanatembea?

Tuangalie neno lao lenyewe, 한글, Hangul, yaani jina la mwandiko wa Kikorea. Mnaona vitu viwili, sio? Lakini humo ndani herufi ziko sita. Hiki cha kwanza, 한, ni ㅎ yaani h, ㅏ yaani a, na ㄴ yaani n. Hizo h na a zimekaa ubavu kwa ubavu, n imewekwa chini yao kama msingi wa nyumba. Cha pili, 글, angalieni vizuri, herufi tatu zimepandana ㄱ, ㅡ, ㄹ, moja juu ya nyingine, kwahiyo kupangana kwa wima kumeshafanyika ndani ya silabi kabla hata hujafika kwenye bango. Na hii sio kazi ya mchoraji kujiamulia, mfalme Sejong alipotangaza mwandiko huu mwaka 1446 sheria ilikuja nao: irabu ya kulala kama ㅡ na ㅜ inakaa chini ya konsonanti, irabu ya kusimama kama ㅏ na ㅣ inakaa kulia. Enzi hizo maandishi yao yote yalikuwa yanashuka, safu zinaanzia kulia kwenda kushoto, kwahiyo silabi ilizaliwa ikiwa imeshapimwa kuingia kwenye boksi lake.

Halafu herufi inakubali kubadilika umbo ili ienee. Tazameni ㄱ, yaani g, kwenye 가 (ga), mguu wake unateleza kwenda kushoto kumpisha jirani, afu kwenye 고 (go) mguu huohuo umefupishwa kwa sababu chini kuna mtu. Hiki kitu mimi nakipenda sana, yaani ukiniuliza uzuri wa Hangul uko wapi nitakuonyesha huo mguu. Ila wachora fonti wanaulipia, maana kompyuta ina silabi 11,172 za Kikorea cha leo, na kila moja inataka jicho la mtu kuangalia imekaaje. Gong Byeong-u, daktari wa macho aliyetengeneza mashine ya kuchapa ya Kikorea, aliipa kila herufi umbo moja tu kwa kila nafasi yake, mwanzo, kati au mwisho wa silabi, kwahiyo silabi zenye konsonanti ya mwisho zikawa zinaning'inia chini kuliko wenzake, kama nguo kwenye kamba, moja kanzu moja soksi. Baadaye wachora fonti wakaupenda mwonekano huo wakaufanya mtindo kabisa.

Na boksi halichagui, linakaa kwa kushuka na kwa kulala pia: gazeti la Hankyoreh la Korea Kusini lilipoanza mwaka 1988 likachapa kwa mistari ya kulala tangu siku ya kwanza.

Sasa turudi kwetu. Herufi za Kirumi zimezoea sakafu, zote zinasimama kwenye mstari mmoja, g na y zinashusha mkia, b na k zinanyoosha shingo, na jicho limezoea kuzisoma herufi za neno kwa pamoja zikiwa zimepangana kwenye mstari huo. Ukizipanga kwa kushuka umezinyang'anya sakafu. Tena upana haulingani, M ya FAMASI inajaza nguzo na I imebaki kijiti. Ndio maana vitabu vinalaza neno zima kwenye mgongo, vya Kiingereza vinasoma kutoka juu kushuka, vya Kifaransa kutoka chini kupanda, lakini neno halikatwi.

Ila sisi Waswahili tuna bahati ambayo Mwingereza hana, na hapa ndipo nilipotaka tufike. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, mtoto wa darasa la kwanza anaimba ba be bi bo bu kabla hajajua alfabeti. Basi pangeni silabi! FA, chini MA, chini SI. Hatua tatu badala ya sita, na kila hatua inatamkika. Sisemi ni dawa ya kila neno, CHAKULA itakupa CHA nene juu ya KU na LA, hapo itabidi ubane nafasi kidogo kwa mkono.

Nimekuja na vibao viwili, urefu mmoja, rangi moja, kimoja cha herufi, kingine cha silabi. Nani anisaidie kuvishika pale mlangoni? Wengine rudini nyuma kabisa mpaka ukutani, afu mniambie kipi kinasomeka kwanza.